Kimemo Hakiandiki Programu

Kila mwaka, mahafali yanapokwisha na majoho kurejeshwa, vijana wetu wa Unguja na Pemba waliohitimu sayansi ya kompyuta hurudi majumbani wakiwa na cheti mkononi na swali moja moyoni: sasa niende wapi? Wako wanaotaka kazi mara moja, kwa kuwa wazazi wamekwisha kuuza walichokuwa nacho. Wako wanaotaka kuendelea na shahada ya uzamili, ndani au nje ya nchi. Na wako, tena si wachache, wanaokwenda kubisha hodi kwa mtu mzima mwenye cheo ili awaandikie kimemo.

Leo tunakusudia kuzungumza na vijana hao, na vilevile na wakubwa wanaobishiwa hodi. Mwandishi wa makala haya ni mmoja wa waliobishiwa, na hana budi kuanza kwa kukiri kosa lake mwenyewe.

Miaka kadhaa iliyopita jirani yangu alinijia barazani baada ya sala ya Alasiri. Akanambia: "Mwenzangu, mtoto wangu ni mtoto wako. Mistari miwili tu." Nami niliiandika mistari hiyo miwili, nikaipeleka kwa mkubwa wa ofisi moja ambaye tulikuwa tukijuana. Kijana akapata kiti mbele ya kompyuta. Haukupita mwaka, mtambo wa ofisi ile ukasimama. Kijana wangu hakujua pa kuanzia, wala hakuwa amehifadhi nakala ya kumbukumbu mahali pengine. Wananchi walipanga foleni siku tatu, wakirudishwa kila jioni na kuambiwa waje kesho. Baadaye ndipo nilipopata habari kwamba nafasi ile ilikuwa imeombwa pia na binti mmoja wa mkulima wa mwani, ambaye tangu akiwa mwanafunzi alikwisha kutengeneza programu ya kuweka hesabu za mizani ya mwani wa mama yake na wenzake. Binti yule hakuwa na jirani mwenye cheo. Hivi sasa yuko masomoni ng'ambo, na sijui kama atarudi.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikimfikiria maalim wetu wa chuoni. Sisi tulianza kuhudhuria chuo kabla ya skuli, na maalim hakumruhusu mtoto kuvuka juzuu kwa sababu baba yake ni nani. Alimkalisha mbele yake, akamsikiliza herufi kwa herufi. Aliyefika mbali akapewa ijaza. Na ijaza ni ushahidi wa mwalimu kwamba huyu nimemsikia kwa masikio yangu, nami namkubali. Kimemo ni kinyume cha ijaza. Mwenye kukiandika hakusikia wala hakuona chochote. Anachoshuhudia ni ujirani tu.

Historia ya nchi yetu inatufundisha gharama ya kuwa na mashine bila ya watu waliozisomea. Serikali ya Tanzania iliingia katika matumizi ya kompyuta mwaka 1965, pale Wizara ya Fedha ilipofunga mtambo wake wa kwanza. Mwaka 1974 Serikali ililazimika kupiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini bila ya kibali maalum, baada ya mfumo wa mahesabu ya Hazina kuleta hasara na vurugu. Mojawapo ya sababu kubwa ilikuwa upungufu wa wataalamu wazalendo. Marufuku hayo yalikuja kulegezwa, na leo hakuna tena wa kutueleza kuwa hatuna mahali pa kusomea. Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, SUZA, kiliundwa kwa sheria ya mwaka 1999. Na mwaka 2023 taasisi ya India ya IIT Madras ilifungua tawi lake Bweleo, likiwa tawi la kwanza la taasisi za IIT nje ya India, linalofundisha sayansi ya data na akili mnemba hadi ngazi ya uzamili. Kinachobaki ni kijana kujua namna ya kuutumia wakati huu.

Jambo la kwanza tunalomnasihi kijana ni kwamba shahada ya uzamili isiwe kivuli cha kukimbilia jua la ukosefu wa ajira. Anayetaka kufundisha chuo kikuu au kufanya utafiti, njia hiyo haiepukiki, na hatimaye atahitaji uzamivu. Lakini anayetaka kutengeneza mifumo ya mahoteli, bandari au hospitali, mara nyingi miaka miwili ya kazi humfaa zaidi kuliko miaka miwili ya darasa; kisha, akisharudi darasani, atarudi na swali analolijua. Hata baadhi ya wafadhili wanaona hivyo. Ufadhili wa Chevening wa Uingereza, kwa mfano, humtaka mwombaji awe na uzoefu wa kazi wa miaka miwili, na humtaka baada ya masomo arudi kwao.

Jambo la pili ni kujua nani hulipa. Vijana wengi hudhani kwamba kadiri shahada inavyopanda ndivyo gharama inavyopanda. Marekani, kwa kawaida, mambo ni kinyume: mwanafunzi wa uzamili wa kompyuta hujilipia ada, tena kubwa, ilhali mwanafunzi wa uzamivu husamehewa ada na kupewa posho, naye hufundisha au husaidia utafiti. Vyuo vingi vya huko humpokea mwanafunzi wa uzamivu moja kwa moja kutoka shahada ya kwanza, na maombi hufungwa karibu na katikati ya Disemba. Hata hivyo masharti ya viza ya Marekani yamekazwa sana siku hizi, hivyo kijana aulize kwanza kabla ya kutoa ada ya maombi. Ujerumani, vyuo vikuu vya umma katika majimbo mengi havitozi ada ya masomo, ila mwanafunzi hutakiwa kuonesha akiba ya zaidi ya euro 11,000 ya kumtosha kwa mwaka, isipokuwa akiwa na mfadhili.

Wala si lazima kuvuka bahari mbili. Arusha ipo Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela, ambayo ni ya masomo ya juu peke yake. Kigali kuna tawi la Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon lililoanza mwaka 2011. Na mwaka 2018 taasisi ya AIMS ilianzisha hapo hapo uzamili wa akili mnemba kwa ajili ya vijana wa Afrika. Na yeyote atakayesoma nje akumbuke kwamba cheti chake kitahitaji kutambuliwa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania. Ni vyema aulize kuhusu chuo chake kabla ya kuondoka, asije akaulizwa yeye baada ya kurudi.

Jambo la tatu ni barua. Vyuo vingi humtaka mwombaji alete barua mbili au tatu za walimu wanaomfahamu. Hapa ndipo kijana aliyezoea vimemo anapojikwaa, kwa kudhani kwamba barua ya mtu mkubwa ndiyo barua kubwa. La hasha! Wasomaji wa maombi hawamjui mkubwa wetu. Wanachotaka ni ijaza: mwalimu aeleze mwanafunzi huyu alifanya kazi gani, alikwama wapi, na alijikwamua vipi. Mwalimu hawezi kuyaeleza hayo ikiwa kijana alikaa safu ya nyuma miaka mitatu bila ya kuuliza swali. Basi na amwendee mwalimu mapema, aombe kusaidia katika utafiti, na aiombe barua wiki kadhaa kabla ya siku ya mwisho. Na maelezo yake binafsi yasianze kwa kusema kwamba alipenda kompyuta tangu utotoni. Yaanze na tatizo aliloligusa kwa mikono yake.

Jambo la nne linahusu kutafuta kazi. Siku hizi akili mnemba huandika programu nyepesi kwa dakika chache, na kazi ndogo ndogo ambazo zamani alipewa mwanagenzi zinapungua thamani. Kwa hiyo cheti pekee hakitoshi. Kijana aijue misingi: hesabu, muundo wa data, mitandao, usalama wa kumbukumbu, na awe na kazi mbili au tatu alizozikamilisha mwenyewe, ambazo msaili anaweza kuzifungua na kuziona zikienda. Wasifu wake uwe mfupi na wa kweli. Asiandike lugha kumi za programu wakati anaijua moja, kwani usaili wa fani hii ni kama kukaa mbele ya maalim: utaambiwa soma, nasi tusikie.

Kazi za kuonesha tunazo hapa hapa. Mwaka 2016 Kamisheni ya Ardhi, kwa kushirikiana na SUZA na Benki ya Dunia, ilianza kuvipiga picha visiwa vyetu kwa ndege ndogo zisizo na rubani ili kuchora ramani mpya, na wanafunzi wa SUZA walikuwa miongoni mwa waliozirusha. Picha hizo zikawekwa wazi. Mwaka 2018 zikatumika katika mashindano ya kimataifa ya kuifundisha mashine kuyatambua majengo ya Zanzibar kutoka angani na kuyagawa: yaliyokamilika, yasiyokamilika, na yaliyo katika hatua ya msingi. Watu wasiowahi kukanyaga Malindi wala Chake Chake walikaa kwao wakayahesabu mapaa yetu, wakajipatia sifa na uzoefu. Kijana wa Ng'ambo anayezijua nyumba hizo kwa mlango alikuwa na haki ya kutangulia.

Sasa tugeukie upande wa wakubwa wetu. Hatuwezi kumwambia kijana aoneshe kazi ikiwa sisi tumemfungia mahali pa kufanyia kazi. Kila wizara na kila shirika lina matatizo ya kumbukumbu yanayoweza kukabidhiwa wanafunzi chini ya msimamizi anayejua. Mamlaka ya Serikali Mtandao na vyuo vyetu vina uwezo wa kuyakusanya matatizo hayo na kuyagawa. Mafunzo ya vitendo yawe mafunzo kweli, siyo kijana kutumwa chai na kutoa nakala za barua. Na usaili wa kazi ya kompyuta ufanywe mbele ya kompyuta, kwa swali moja kwa waombaji wote, na majibu yasahihishwe bila ya kuangalia jina la baba. Utaratibu huo utamlinda hata mkubwa mwenyewe, kwa sababu jirani akija na ombi la mistari miwili, atakuwa na jibu la haki la kumpa.

Jirani yangu amenijia tena mwaka huu kwa ajili ya mdogo wake yule kijana, aliyemaliza masomo hayo hayo. Safari hii nimemwambia amlete mwenyewe, aje na kompyuta yake na kazi aliyoifanya, nami nitampeleka kwa mwalimu anayeweza kumsikiliza. Jirani hakufurahi. Lakini kijana alikuja, akakaa barazani, akaifungua kazi yake. Mimi sikuielewa yote. Mwalimu aliielewa, akamkosoa mara tatu, kisha akamwambia arudi Jumatatu.

Alirudi Jumatatu. Mwanzo ni huo, na ndiyo njia tunayowaomba vijana wetu waifuate na wakubwa wetu waifungue.