Kabla ya Kukabidhiwa Ufunguo: Kuchagua Chuo cha Udereva wa Malori na Mwajiri wa Kwanza

Udereva wa lori ni kazi inayoanza kwa gharama mbili. Ya kwanza ni ada ya chuo, ambayo kila mwanafunzi huiona na kuihesabu. Ya pili hujificha: ni gharama ya kuangukia kwa mwajiri asiyefaa, anayemtwisha dereva mgeni hasara za mafuta, matairi na mizigo hadi mshahara unakwisha kabla haujapokelewa. Makala hii inakusudia kumsaidia dereva mtarajiwa kuzipima gharama zote mbili mapema, yaani kabla hajalipa ada na kabla hajatia saini.

Chuo: nunua muda wa usukani

Leseni ya kuendesha malori makubwa hapa nchini ni ya daraja E. Daraja D, ambalo wengi huanza nalo, halitoshi. Dereva hupimwa na Jeshi la Polisi, Kikosi cha Usalama Barabarani, na leseni hutolewa na Mamlaka ya Mapato Tanzania. Kwa hiyo, kabla ya kujiandikisha chuoni, fika katika ofisi ya leseni ya mkoa wako uulize kama umetimiza masharti ya kupanda daraja. Chuo hakina uwezo wa kukuondolea sharti la kisheria, na chuo kinachoahidi kukupatia leseni bila kupimwa kinakuuzia matatizo.

Mafunzo ya udereva wa magari makubwa hutolewa na vyuo vya umma, vikiwamo Chuo cha Taifa cha Usafirishaji (NIT) na baadhi ya vyuo vya VETA, pamoja na shule binafsi zilizosajiliwa. Usilinganishe ada peke yake. Ada ndogo inayokupa nusu saa ya usukani kwa siku huenda ikawa ghali kuliko ada kubwa inayokupa saa mbili. Tunakushauri uulize maswali yafuatayo, na uombe kuliona gari la mafunzo kwa macho yako:

1. Wanafunzi wangapi hutumia lori moja, na kila mmoja huendesha kwa saa ngapi hadi mwisho wa kozi?
2. Je, mafunzo hufanyika kwa lori lenye tela, au kwa lori fupi tu?
3. Je, kuna siku za kuendesha gari likiwa na mzigo, usiku, na katika barabara ya milima?
4. Je, mwanafunzi hufundishwa kukagua breki za upepo, kuunga na kuachanisha tela, na kufunga mzigo?

Swali la tatu si la anasa. Barabara ya kutoka Dar es Salaam hadi Tunduma ina urefu wa zaidi ya kilomita 900, na hupita katika mteremko wa Kitonga mkoani Iringa. Dereva anayeteremka mlima akiwa na mzigo mzito huku mguu ukiwa juu ya breki muda wote huzipasha breki moto hadi zikashindwa kushika. Njia salama ni kuingia gia ndogo kabla ya mteremko na kuiacha injini isaidie kulizuia gari. Jambo hili halifundishiki kwa maneno ubaoni peke yake. Mwili lazima ulizoee.

Mwajiri: anza na karatasi

Baada ya kupata leseni, vijana wengi huipokea kazi ya kwanza inayojitokeza kwa hofu ya kukosa nyingine. Hofu hiyo inaeleweka, lakini haikuzuii kuuliza. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataka mkataba wa ajira uwe wa maandishi. Omba nakala yako, uisome nyumbani, na utazame mambo matano.

Kwanza, mshahara na posho. Posho ya safari ni fedha ya chakula, malazi na maegesho njiani, si mshahara. Baadhi ya waajiri hutaja jumla kubwa mdomoni, kisha mkataba unaonyesha mshahara mdogo na sehemu iliyobaki ikiitwa posho. Tofauti hiyo utaihisi siku za baadaye, kwa kuwa michango yako ya hifadhi ya jamii katika NSSF hufuata mshahara ulioandikwa. Uliza pia: gari likiwa gereji au likikosa mzigo kwa wiki tatu, nitalipwa nini?

Pili, saa za kazi. Sheria hiyo imeweka saa za kawaida zisizozidi 9 kwa siku na 45 kwa wiki, na hairuhusu mtu afanyishwe kazi zaidi ya saa 12 kwa siku, hata akilipwa ziada. Saa za ziada hulipwa mara moja na nusu ya malipo ya kawaida. Afanyaye kazi kwa zaidi ya saa 5 mfululizo anastahili mapumziko ya angalau dakika 60. Mwajiri anayekupangia ratiba ya kufika Tunduma ambayo haiwezekani bila kukesha, au bila kuvuka mwendo wa kilomita 80 kwa saa uliowekwa kwa magari ya uzito huo, anakutaka uvunje sheria kwa leseni yako, si kwa ya kwake.

Tatu, uzito. Sheria ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 imeweka kikomo cha tani 56 kwa gari na mzigo wake kwa pamoja, pamoja na vikomo vya kila ekseli. Mkataba useme wazi nani hulipa tozo gari likikutwa limezidisha uzito mizani. Anayepakia na kupokea nauli ya mzigo ndiye anayestahili kubeba gharama hiyo.

Nne, kinga ya ajali. Uliza kama mwajiri amesajiliwa katika Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF). Michango ya mfuko huo hulipwa na mwajiri peke yake. Usikubali ikatwe katika mshahara wako.

Tano, uhalali wa biashara. Msafirishaji wa mizigo ya kibiashara anatakiwa kuwa na leseni ya usafirishaji kwa ajili ya gari lake. Ni haki yako kuomba kuiona, pamoja na bima iliyo hai. Kwa safari za kwenda Lubumbashi au Kolwezi nchini Kongo, fahamu mapema nani atagharamia pasipoti yako na cheti cha chanjo ya homa ya manjano.

Makato: mahali penye maumivu zaidi

Tuchukue mfano. Mwajiri anapima dizeli kwa lita 45 kwa kila kilomita 100. Kwa safari ya kilomita 900, dereva hupewa lita 405. Gari hilo ni chakavu, limebeba mzigo mzito, na limesimama kwenye foleni ndefu likiunguruma. Kwa hakika limetumia lita 50 kwa kila kilomita 100, yaani lita 450. Upungufu ni lita 45. Kwa bei ya mfano ya shilingi 3,000 kwa lita, dereva anaambiwa anadaiwa shilingi 135,000, ingawa hakuiba hata tone.

Sheria haimruhusu mwajiri kukata fedha hizo kwa kusema tu kwamba zimepungua. Ili akate mshahara kufidia hasara, hasara hiyo lazima iwe imetokea kazini na kwa kosa la mfanyakazi. Mwajiri lazima amweleze mfanyakazi kwa maandishi sababu, kiasi na jinsi kilivyokokotolewa, na ampe nafasi ya kupinga. Deni halitazidi hasara halisi, na makato ya aina hiyo hayatazidi robo ya malipo ya fedha ya mfanyakazi. Ikiwa dereva wetu wa mfano analipwa shilingi 500,000, robo yake ni shilingi 125,000. Hivyo hata kama kosa lingethibitika, shilingi 135,000 zisingeweza kukatwa zote katika mwezi mmoja.

Kwa sababu hiyo, muulize mwajiri kipimo cha mafuta kimepatikanaje, kwa gari lipi, na kwa mzigo wa tani ngapi. Mwajiri makini atakuwa na jibu. Mkataba unaosema kwamba dereva atalipia hasara yoyote itakayotokea, bila kutaja kosa wala utaratibu, usiutie saini kabla ya kupata ushauri.

Siku ya makabidhiano

Mali bila daftari hupotea bila habari. Kabla ya kupokea ufunguo, zunguka gari ukiwa na fomu ya ukaguzi. Andika namba na hali ya kila tairi, kiasi cha mafuta kwenye tangi, turubai, jeki, vifaa vya dharura, mikwaruzo, na namba ya lakiri ya mzigo. Piga picha kwa simu. Wewe na msimamizi mtie saini, kisha ubaki na nakala. Fanya hivyo pia siku ya kurejesha gari. Mwajiri akihitaji leseni yako kwa kumbukumbu, mpe kivuli. Leseni halisi ni ya kubaki mkononi mwako, kwa kuwa bila hiyo huwezi kuendesha wala kutafuta kazi nyingine.

Muulize pia mwajiri kama safari zako za kwanza utaongozana na dereva mzoefu. Anayempa mgeni lori lenye tela na kumtuma mpakani peke yake siku ya pili hajali gari lake, na hatakujali wewe.

Mgogoro ukitokea

Anza kwa kuandika barua kwa mwajiri na kutunza nakala yake. Mkishindwa kuelewana, peleka shauri Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA). Shauri la kuachishwa kazi isivyo halali hufunguliwa ndani ya siku 30 tangu kuachishwa. Migogoro mingine, ikiwamo ya makato, ndani ya siku 60. Madereva wengi hupoteza haki zao kwa kusubiri ahadi za mdomo hadi siku hizo zinapita. Hesabu siku zako tangu siku ya tukio, na uende na mkataba, hati za malipo na fomu za makabidhiano ulizozitunza.