Sahihi Ni Mwanzo: Amana ya Kuwapasha Habari Waliounga Mkono Ombi la Umma



Simu ya mkononi imeingia karibu kila nyumba ya pwani yetu, na pamoja nayo imeingia njia mpya ya kudai haki: ombi la umma linalotiwa sahihi mtandaoni. Mtu hutumiwa kiungo na jamaa yake, husoma maneno machache, huandika jina lake, kisha hurudi jikoni au dukani kwake. Mwezi mmoja baadaye, akiulizwa ombi lile limefikia wapi, hana la kujibu, kwa kuwa hakuna aliyemrudia kumwambia.

Hapo ndipo madai mengi ya haki hufia. Watu hawakukosa kujitokeza, bali waliojitokeza waliachwa gizani hata nyoyo zao zikapoa. Wiki hii tumeona vyema tulizungumze jambo hili, kwani wengi wetu tumekwisha kutia sahihi, na baadhi yetu ndio tunaokusanya sahihi za wenzetu.

Miaka Tisa ya Lamu

Mfano mkubwa tunao kwa jirani zetu. Mwezi wa Septemba 2016, Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira (NEMA) iliipa kampuni ya Amu Power leseni ya kujenga mtambo wa umeme wa makaa ya mawe wa megawati 1,050 huko Kwasasi, si mbali na Mji wa Kale wa Lamu, ambao UNESCO iliuandika kuwa urithi wa dunia mwaka 2001. Wenyeji, chini ya jumuiya yao ya Save Lamu, wakakata rufaa. Tarehe 26 Juni 2019, Baraza la Kitaifa la Rufaa za Mazingira likaifuta leseni ile. Kampuni nayo ikakata rufaa, na ni hapa hapa Malindi, katika Mahakama ya Mazingira na Ardhi, ambapo rufaa hiyo ilitupwa mwezi wa Oktoba 2025.

Tangu leseni hadi hukumu ya Malindi ni miaka tisa. Mtoto aliyezaliwa wakati leseni inatolewa alikuwa tayari anasoma na kuandika. Ni nani awezaye kubaki na hamu ya jambo kwa muda wote huo ikiwa hapati habari zake?

Tena tuitazame sababu ya ushindi wa mwaka 2019. Baraza liliona kwamba mikutano na wananchi ilifanywa kabla ya uchunguzi wa athari za mazingira kukamilika, na kwamba matokeo ya uchunguzi ule hayakurudishwa kwa watu ipasavyo ili wayajadili. Kwa maneno mengine, kumwita mtu kikaoni bila kumpa taarifa si kumshirikisha. Funzo hili linaihusu Serikali na makampuni, lakini linatuhusu na sisi. Anayeidai Serikali taarifa hawezi kuwanyima taarifa wale waliompa majina yao.

Uyombo na Hatari ya Uvumi

Huku kwetu Kilifi tunalo la Uyombo, ambapo Serikali ilikusudia kujenga kinu cha umeme wa nyuklia cha megawati 1,000. Ilielezwa kwamba ujenzi ungeanza mwaka 2027 na umeme ungepatikana mwaka 2034. Mwaka 2023 ombi la kupinga mpango huo lilifikishwa Bungeni kwa msaada wa shirika la CJGEA, lililoasishwa na Bi Phyllis Omido. Mwaka 2024 wanakijiji waliandamana. Baadaye mazungumzo ya Serikali yakaelekea Siaya, kando ya Ziwa Victoria.

Habari kama hiyo ya mwisho ndiyo huwatawanya watu. Mmoja husema tumeshinda, mwingine husema ni hila, wa tatu hujitoa kwenye kundi la WhatsApp kwa kudhani shughuli imekwisha. Aya ya 6 ya Surat al-Hujurat yatufundisha kuichunguza habari kabla ya kuifuata. Basi kiongozi wa ombi anapokaa kimya, anawaachia wenzake uvumi uwe ndio mwalimu wao. Ni wajibu wake kusema lipi limeandikwa rasmi, lipi limesemwa kwa mdomo tu, na lipi bado linasubiriwa.

Kutoka Simuni Hadi Karatasini

Kifungu cha 37 cha Katiba yetu kinatupa haki ya kuwasilisha maombi kwa mamlaka za umma, na Kifungu cha 119 kinampa kila mtu haki ya kuliomba Bunge lishughulikie jambo lililo chini ya uwezo wake. Lakini sheria ya mwaka 2012 inayosimamia maombi ya Bunge ina masharti yake: ombi liandikwe kwa Kiswahili au Kiingereza, kwa lugha ya heshima, nao waombaji waonyeshe majina, anwani, nambari za vitambulisho, na sahihi au alama ya kidole gumba.

Maana yake ni kwamba jina lililoandikwa mtandaoni huonyesha wingi wa watu na huamsha macho ya wakubwa, lakini mara nyingi mwenye jina hilo atahitajika tena: atie sahihi karatasini, ahudhurie kikao cha kamati, atoe ushahidi. Aliyekuwa akipashwa habari atakuja. Aliyesahauliwa hatakumbuka hata kwamba aliwahi kutia sahihi.

Jinsi ya Kuishika Amana Hii

Kwanza, mjibuni mtia sahihi ndani ya siku chache. Mshukuruni, mwambieni ombi litapelekwa wapi, na lini atasikia tena kutoka kwenu.

Pili, wekeni siku maalumu, mathalan Ijumaa ya mwisho ya kila mwezi. Kama hakuna jipya, semeni hakuna jipya. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016 inampa afisa wa umma siku 21 za kujibu maombi ya taarifa. Waelezeni watu kwamba barua imepelekwa tarehe fulani na jibu linangojwa kufikia tarehe fulani. Kungoja kwenye mpaka ni rahisi kuliko kungoja kusikojulikana mwisho.

Tatu, ujumbe uwe mfupi, na uwe na mambo matatu: lililotokea, maana yake, na linaloombwa kwa msomaji. Liombwe jambo moja tu kwa wakati mmoja.

Nne, msifiche habari mbaya wala msiongeze idadi ya sahihi. Mtu huvumilia kushindwa, havumilii kudanganywa.

Tano, yalindeni majina na nambari za simu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inakataza kuyatumia kwa jambo ambalo mwenyewe hakuliridhia. Orodha ya watetezi wa ufuo haifai kugeuzwa orodha ya kampeni za siasa au matangazo ya biashara. Na kama mmechangisha fedha, hesabu ziandikwe na zisomwe. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani inahusu kuandikiana madeni mbele ya mashahidi.

Nafasi ya Akina Mama

Nyumba nyingi zina simu moja yenye intaneti, nayo huenda ni ya kijana. Mama akitia sahihi kwa simu ya bintiye, majibu humfikia binti, naye huenda asiyasome. Kwa hiyo habari zisiishie mtandaoni. Zirekodiwe kwa sauti, kwa Kiswahili na kwa Kigiryama, zisikilizwe katika vikao vya chama. Kwa idhini ya imamu, zitangazwe baada ya swala ya Ijumaa. Katika kila mtaa achaguliwe mama mmoja wa kupeleka habari na kurudisha maswali, kwani shura haikamiliki mmoja akisema na wengine wakisikiliza tu.

Na siku jambo litakapokwisha, kwa kheri au kwa shari, kila aliyetia sahihi aambiwe kwamba limekwisha, na ashukuriwe. Mtu aliyeagwa vizuri hurudi akiitwa tena, na pwani yetu haitakosa jambo la kuitiwa. Haba na haba hujaza kibaba, lakini kibaba kinachovuja hakijai.

Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe miongoni mwa wanaotimiza amana zao. Wabillahi tawfiq.