Chembe Nyeusi Zinazoongoza Mwendo Wetu

Tunyoshapo mkono kuchukua kikombe, twadhani ni jambo jepesi. Kumbe, kabla mkono haujaondoka mahali pake, ubongo umekwisha kufanya kazi kubwa: umezuia mienendo isiyotakiwa, na kuruhusu mmoja tu.

Ndani ya shina la ubongo pana chembe za rangi nyeusi. Ni chache mno tukizilinganisha na chembe zote za neva za ubongo, zinazokaribia bilioni 86. Chembe hizo hutoa kemikali iitwayo dopamini, ambayo huamsha njia isemayo “Enda” na kutuliza ile isemayo “Ngoja”.

Tena hutusaidia kuchagua. Mtaalamu Wolfram Schultz alichunguza ubongo wa kima. Kima akipata maji ya matunda asiyoyatazamia, chembe hizo hutoa ishara kwa nguvu. Akinyimwa aliyoyatazamia, hunyamaza. Ndivyo ubongo unavyojifunza tendo lipi lina faida, upate kuchagua vema siku nyingine.

Je, chembe hizo zikifa? Mwaka 1817 mganga wa London, James Parkinson, alieleza ugonjwa wa kutetemeka: mkono hutetemeka hata ukitulia, hatua huwa fupi, na mgonjwa hujiinamia. Sababu ilibaki fumbo. Mwaka 1957 Arvid Carlsson wa Uswidi aliwapa sungura dawa iliyowaondolea nguvu ya kujongea. Alipowapa levodopa, ambayo mwilini hugeuka dopamini, wakaamka. Mwaka 1960, huko Vienna, Oleh Hornykiewicz akaonyesha kwamba ubongo wa waliokufa kwa ugonjwa huo umepungukiwa sana na dopamini. Hata leo levodopa ni dawa kuu ya ugonjwa huu. Haiuponyi, ila humrudishia mgonjwa wepesi wa mwili.

Levodopa imo pia katika mbegu za upupu, mmea tuujuao kwa kuwasha. Lakini mtu asijitibu kwa mbegu hizo: kipimo chake hakina hakika, nacho kikizidi hudhuru.

Basi, ndugu wasomaji, tukimwona mzee anatetemeka, au anasimama mlangoni asiweze kuanza hatua, tusimwite mlevi, wala mvivu, wala aliyerogwa. Akili yake yaweza kuwa nzima, naye atusikia. Tumpeleke hospitalini mapema, na tumpe nafasi ya kutembea polepole.