Gari Likikosa Nguvu Mlimani, Tazama Moshi Kwanza

Barabara ya kutoka Kyela kwenda Mbeya haifichi ubovu wa gari. Kyela iko takriban mita 500 juu ya usawa wa bahari. Ukifika Tukuyu umeshafikia kama mita 1,500, na baada ya Kiwira barabara inaendelea kupanda kuelekea Isyonje hadi kupita mita 2,000. Hapo ndipo Hiace ya zamani ya dizeli yenye tabo, imejaa abiria na mizigo, huishiwa nguvu ghafla. Dereva anakanyaga mafuta hadi mwisho, mlio unabadilika, gia ya tatu inakataa, ya pili inajikokota. Injini haizimi. Nguvu tu ndiyo imetoweka.

Gereji, mwenye gari hutajiwa moja kati ya vitu viwili: tabo imekufa au pampu ya dizeli imekufa. Vyote ni ghali, na mara nyingi si kimoja wala kingine. Inaniuma kuona mtu anauza ng'ombe wa maziwa ili anunue tabo ya mtumba, kumbe kilichoharibika ni kipande cha hozi. Vipimo vya kwanza havina gharama yoyote, na cha kwanza kabisa kinafanywa kwa kutazama kioo cha pembeni gari likiwa linapanda: moshi una rangi gani?

Injini ya dizeli hupata nguvu kwa kuunguza mafuta kwenye hewa iliyobanwa sana. Hewa ikipungua, dizeli haiungui yote. Tukuyu mgandamizo wa hewa ni pungufu kwa karibu asilimia 16 ukilinganisha na Dar es Salaam, na pale juu Isyonje upungufu unazidi asilimia 20. Tabo, feni ndogo inayozungushwa na moshi wa ekzosi, ndiyo inayofidia pengo hilo. Mwaka 1918 mhandisi Sanford Moss aliipeleka injini ya ndege juu ya mlima Pikes Peak huko Marekani, zaidi ya mita 4,000. Injini hiyo, yenye nguvu za farasi 350 ikiwa chini, ilibaki na 230 kule juu. Alipoifungulia tabo ikatoa 356. Ndiyo maana tabo ikiacha kusukuma hewa, dereva wa Dar es Salaam anaweza kuendesha wiki nzima akidhani gari ni zito kidogo tu. Wa Rungwe, wilaya ya milima hii ya Tukuyu, anajua kabla hajamaliza mlima wa kwanza.

Basi turudi kwenye moshi. Ukiwa mweusi tii, dizeli inafika lakini hewa haitoshi. Anza na eya klina. Kiangazi, gari linalofanya safari za Lwangwa kwenye barabara za vumbi hulijaza haraka. Masika, karatasi yake hulowa na kuvimba, na hewa haipiti. Ukilitoa ukaona limeloa au limejaa uchafu, umepata pa kuanzia. Kisha fuata hozi nene zinazotoka kwenye tabo kwenda kwenye injini, na intakula kama gari lako linayo. Kwenye Hiace injini iko chini ya viti vya mbele, kwa hiyo inua kiti, washa tochi, na upapase upande wa chini wa hozi, ule usioonekana. Mvuke wa oili hulainisha mpira polepole. Ufa hubaki umejifunga gari likiwa limesimama, na hufunguka presha ikipanda tu, ndiyo maana fundi anapiga resi pale gereji na haoni kitu. Alama yake ni doa la mafuta lililoshika vumbi, na mlimani utasikia mfoko wa hewa kila unapokanyaga. Ukitaka uhakika, pakaza maji ya sabuni, ziba mdomo wa kuingizia hewa, na upulize upepo kidogo kwa pampu ya matairi. Povu litakuonyesha. Ukiwa njiani, mpira wa tyubu uliofungwa kwa kukazwa utakufikisha nyumbani, lakini usiufanye matengenezo ya kudumu.

Kama hakuna moshi kabisa na nguvu hakuna, tatizo kwa kawaida ni dizeli haifiki. Hapa watu huikimbilia pampu, na hapa ndipo ningependa wapunguze mwendo. Injini nyingi za zamani, kama 1KZ-TE ya Toyota yenye sisi 2,982, hutegemea pampu yenyewe kuvuta dizeli kutoka tangini. Bomba la kuvutia mafuta likitoboka halidondoshi mafuta, linanyonya hewa. Kwa hiyo sakafu kavu haithibitishi kitu. Weka kipande cha mpira unaoonyesha ndani kati ya filta na pampu, washa injini, na utazame. Mapovu yanayopita mfululizo yanamaanisha kuna mahali hewa inaingia kabla ya hapo: kiungio, oringi, au ile pampu ya mkono iliyo juu ya filta.

Kuna kipimo kingine rahisi zaidi. Nguvu ikipotea, simama mahali salama na ufungue mfuniko wa tangi. Ukisikia hewa ikivutwa kwa nguvu kuingia ndani, na baada ya hapo gari likapanda vizuri, tundu la kupumulia la mfuniko limeziba.

Maji nayo yanastahili kutajwa katika wilaya ya Rungwe, yenye mvua nyingi na usiku wa baridi. Tangi likilala nusu, unyevu hugeuka matone ukutani na kushuka chini, kwa sababu maji ni mazito kuliko dizeli. Dizeli ya kwenye madumu yaliyokaa nje huongeza zaidi. Legeza skrubu iliyo chini ya filta, kinga kwenye chupa nyeupe, na uiache itulie. Maji yatakaa chini na utayaona kwa macho. Kama filta imejaa, badilisha filta. Kuhusu mafuta yaliyochanganywa na mafuta ya taa, EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati, ilianza kuweka vinasaba vya kutambua mafuta yaliyochakachuliwa mwaka 2010, na mwaka 2011 serikali ikapandisha ushuru wa mafuta ya taa, kwa hiyo faida ya kuchanganya ilipungua sana. Lisiwe wazo lako la kwanza.

Kuna ubovu mmoja unaowachanganya hata mafundi wazuri, kwa kuwa hauna moshi ingawa chanzo chake ni hewa. Bomba jembamba la mpira hupeleka habari za presha ya tabo kwenye sensa, au kwenye kichwa cha pampu kwa injini zisizo na kompyuta. Likipasuka au kuchomoka, injini huamini kwamba tabo haisukumi na inajipunguzia dizeli. Tabo nzima, pampu nzima, na gari haliendi. Bomba hilo ni bei ya soda chache. Dalili iliyo jirani ni gari linalopata nguvu ukilizima na kuliwasha, kisha linazipoteza kwenye mlima unaofuata. Hapo kompyuta inajilinda, na ni wakati wa kupima sensa na nyaya zake. Usilizime likiwa linatembea, kwani breki hubaki nzito. Na mshale wa joto ukipanda pamoja na kupungua kwa nguvu, simama mara moja, maana silinda hedi ya 1KZ-TE hupasuka upesi ikichemka.

Tabo yenyewe ihukumiwe mwisho. Injini ikiwa baridi, chomoa hozi ya kuingizia hewa na ushike ncha ya shafti kwa vidole. Kucheza kidogo pembeni ni kawaida. Kuingia na kutoka, au mapanga kugusa ukuta, si kawaida. Moshi wa bluu na oili iliyotuama ndani ya hozi vinathibitisha, na hapo usiendelee na safari, kwa sababu injini ya dizeli inaweza kuanza kuunguza oili hiyo na kukimbia yenyewe bila kuzimika kwa ufunguo. Ukiamua kubadilisha, toa bomba linalopeleka oili kwenye tabo, uoshe masizi yaliyoganda ndani au ununue jipya, na ubadilishe oili na filta yake siku hiyohiyo. Tabo huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika ikielea juu ya utando mwembamba wa oili, na bomba lililoziba lililoua ile ya kwanza litaua na hii. Ukifika stendi baada ya mlima, usiizime injini mara moja. Iache ingurume taratibu dakika mbili ndipo uizime.