Miwani Mipya Isipokaa Machoni

Katika nyumba nyingi za mjini Dar es Salaam, tangu Upanga na Kisutu hata Gerezani na Kariakoo, ukifungua mtoto wa meza au kabati la chumbani huenda ukaikuta miwani imelazwa katika mkoba wake, safi, haina hata mkwaruzo, wala haivaliwi. Ukimwuliza mwenyewe atakujibu kwamba ilimpa kizunguzungu, au ilimbana masikio, au kila alipoivaa aliiona sakafu imeinuka. Fedha iliyotolewa haikuwa kidogo, pengine ilichangwa na watoto. Naye mwenyewe angali akisoma kwa kuusogeza msahafu mbali na uso mpaka mkono umwishie. Jambo hili latusikitisha, kwa kuwa mingi ya miwani hiyo ingeweza kutengenezwa ikafaa, lau mwenyewe angerudi dukani upesi akaeleza vizuri kilichomsibu.

Yafaa kwanza tutenganishe ugeni na ubovu, maana watu huvichanganya viwili hivi. Jicho na ubongo vimezoea kuona kwa namna fulani miaka na miaka. Ukivipa vioo vipya vyahitaji muda. Siku za kwanza si ajabu kuona mlango umepinda kidogo, au ngazi iko karibu kuliko ilivyo, au kichwa kuwa kizito jioni. Mashaka ya namna hiyo kwa kawaida hupungua siku hata siku, na hayapiti wiki 2 hivi. Lakini yasipopungua, au jicho moja likaona vizuri na la pili likaona ukungu, au maandishi yakaonekana mawili-mawili, au ukawa waona vizuri zaidi kwa miwani yako ya zamani, hapo neno "utazoea" halitoshi. Twalisikia mno neno hilo. Ni neno la kweli kwa siku chache; baada ya hapo huwa ni njia ya kumwondoa mnunuzi mlangoni.

Sasa kosa laweza kuwa wapi? Laweza kuwa katika kupima, katika kukata vioo, au katika kukaa kwa fremu usoni. Hili la fremu ndilo jepesi kuliko yote, nalo ndilo linalodharauliwa. Miwani ikiteremka puani, vioo huwa mbali na jicho kuliko vilivyokuwa siku ya kupimwa, na kwa mtu mwenye vioo vya nguvu, hasa vinavyozidi dioptri 4, milimita chache zatosha kubadili nguvu ile. Fundi huupasha moto mkono wa fremu, huupinda kidogo, hurekebisha vipande vya puani, na kazi imekwisha kabla hujamaliza kikombe cha kahawa.

Vioo vina habari ndefu zaidi. Chukua cheti chako cha macho ukitazame. Utakuta mistari miwili, mmoja wa jicho la kulia, aghalabu umeandikwa OD, na mmoja wa kushoto, OS. Herufi hizo ni za Kilatini. Tarakimu ya kwanza ni nguvu ya kioo kwa dioptri, nayo hupanda kwa robo: 0.25, 0.50, 0.75 na kuendelea. Alama ya kutoa ni ya mtu asiyeona mbali. Alama ya kujumlisha ni ya asiyeona karibu, au ya yule ambaye jicho lake lataka msaada mbali na karibu pia. Tarakimu ya pili na ya tatu huandikwa kwa mwenye jicho lisilo duara sawasawa, ambalo mbele yake limepinda upande mmoja kuliko mwingine. Ya pili ni nguvu ya kulisahihisha pindo hilo, na ya tatu ni mwelekeo wake, kwa nyuzi kutoka 1 hadi 180. Kisha iko namba moja ambayo vyeti vingine havina, nayo ni masafa baina ya mboni na mboni, kwa milimita. Kwa watu wazima wengi huwa baina ya 54 na 74.

Masafa hayo si jambo la kupuuzwa. Katikati ya kioo hapana budi pawe mbele ya mboni. Kioo cha dioptri 4 kikikaa kando kwa milimita 5 tu, basi kitu kilicho umbali wa mita 1 huonekana kimesogea sentimita 2 mahali pasipo pake. Macho mawili hujitahidi kuvipatanisha vitu hivyo vilivyosogea, na katika jitihada hiyo kichwa huuma. Mwenye miwani hulaumu jua la Dar es Salaam, au njaa ya saumu, kumbe ni milimita 5.

Ama mwelekeo wa pindo, huo ndio uliomsumbua mzee mmoja wa mtaani kwetu, maalimu wa chuo katika mojawapo ya njia nyembamba za Kariakoo. Maalimu huyu alipimwa macho, akapewa cheti, akakatiwa miwani yenye vioo vya sehemu mbili, juu ya kuonea mbali na chini ya kusomea, katika duka moja la mjini. Tangu siku ya kwanza jicho la kulia halikutulia. Sasa, wasomaji wetu wanajua kwamba baina ya *ba* na *ta* pana nukta tu, moja chini na mbili juu, na kwamba fat-ha na kasra ni kistari kile kile, cha juu na cha chini. Maalimu akaanza kukosea mbele ya watoto. Watoto wa chuo hawana simile; mmoja alimsahihisha kwa sauti, wengine wakacheka. Alirudi dukani mara moja, akajibiwa na kijana wa mbele kwamba atazoea. Mwezi ulipopita aliwaambia wazazi wamtafutie watoto mwalimu mwingine, kwani yeye macho yamekwisha. Alikuwa amefundisha watoto na wajukuu wa mtaa ule.

Mkwewe, mke wa mwanawe, hakuridhika. Alichukua cheti, stakabadhi, miwani mipya na ile ya zamani, akavitia vyote katika mfuko, akavuka naye Mnazi Mmoja kurudi duka lile lile. Safari hii hawakusimama kwa kijana wa mbele. Waliomba kwa adabu kuonana na fundi mwenyewe.

"Shikamoo maalimu," fundi alisema.

"Marahaba mwanangu. Nimekuletea miwani yako, haitaki kunisomesha."

Fundi hakubisha. Alimwambia azibe jicho la kushoto asome ubao, kisha azibe la kulia. Kosa likajulikana liko upande gani. Ndipo akaitia miwani katika mashine ya kupimia vioo, ambayo husoma nguvu na mwelekeo wa kioo kilichokwisha katwa, akalinganisha na cheti. Cheti kiliandikwa mwelekeo 70. Kioo kilikatwa 10. Mkono uliouandika ule 7 ulikuwa wa haraka, na jicho lililousoma lilikuwa la haraka vile vile.

Tofauti hiyo ni kubwa kuliko inavyodhaniwa. Mwelekeo ukikosewa kwa nyuzi 30, faida yote ya kulisahihisha pindo hupotea, na mtu huwa sawa na asiyevaa kitu kwa sehemu hiyo. Ukipita nyuzi 30 kioo huanza kudhuru. Maalimu alikuwa amekosewa kwa nyuzi 60! Hapakuwa na siku ambayo angezoea. Duka lilikata kioo kingine bila malipo, na wiki iliyofuata tulipita njia ile tukasikia sauti za chuo kama zamani, na sauti ya maalimu juu yao.

Twaona mke yule alifanya mambo ambayo kila nyumba yaweza kuyafanya. Hakwenda kugombana, wala hakwenda kulalamika kwa maneno ya jumla. Anayesema "miwani mibaya" hampi fundi pa kuanzia. Lakini asemaye "jicho la kulia, nikisoma, kila wakati" amekwisha mwonyesha nusu ya njia. Ni vizuri pia kuomba kwamba vioo vipimwe mbele yako na tarakimu zilinganishwe na cheti. Ni kazi ya dakika chache, na fundi mwaminifu haikatai. Vioo vikiwa sawa na cheti, na bado huoni, basi shaka yarudi kwa aliyepima, na haki yako ni kupimwa tena.

Nyumbani nako liko jaribio dogo, ambalo vijana watalipenda. Shika miwani mbali na uso kama nusu ya urefu wa mkono, ufunge jicho moja, utazame ukingo wa mlango kupitia kioo kimoja. Sogeza miwani polepole kushoto na kulia. Ukingo ukifuata upande unaosogeza, kioo hicho ni cha kutoa. Ukikimbilia upande wa pili, ni cha kujumlisha. Kisha izungushe miwani kidogo kama mtu azungushaye ufunguo. Ukingo ukipinda na kukatika, kioo kina pindo ndani yake. Jaribio hili halikupi nguvu ya kioo, lakini likikuonyesha alama iliyo kinyume cha cheti, una neno la kwenda nalo dukani. Tukiwa katika mambo haya, tumkumbuke Ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra yapata mwaka 965 na kufa Cairo yapata 1040, ambaye katika Kitab al-Manazir alithibitisha kwamba tunaona kwa nuru inayoingia jichoni, si kwa mwali utokao jichoni kama walivyodhani wengi kabla yake. Naye alipenda kujaribu mwenyewe kuliko kuambiwa.

Wako wanaouliza kama ni uungwana kurudisha bidhaa iliyokwisha lipiwa. Fiqhi yetu imelijibu zamani. Mnunuzi akikuta aibu iliyokuwamo katika kitu kabla hajakabidhiwa, ana khiyari ya kukirudisha. Lakini kwa Mashafii, ambao ndio wengi katika pwani yetu, khiyari hiyo yataka haraka. Mwenye kuijua aibu akaendelea kukitumia kitu au akakaa kimya bila udhuru, hujipotezea haki. Na sura ya 83 ya Qur'ani, Al-Mutaffifin, yabeba jina la wapunjao vipimo. Sijui kama tumekosea, lakini milimita na nyuzi nazo ni vipimo. Sheria za nchi haziko mbali na hayo. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, yataka kitu kifae kazi ambayo mnunuzi alimweleza muuzaji mwenye ujuzi wa kitu hicho, na Tume ya Ushindani iko kwa ajili ya kumlinda mlaji. Hayo yote yasimama juu ya stakabadhi. Asiye na stakabadhi hubaki na maneno matupu.

Miwani ya kusomea iuzwayo tayari barabarani, Msimbazi na Kongo, hatuisemi vibaya. Mtu aliyepita miaka 40, ambaye macho yake ni sawa yote mawili na hayana pindo, yaweza kumfaa kusoma gazeti. Lakini vioo vyake vyote viwili ni nguvu moja, na masafa ya mboni ni ya kukisia, wala hapana fundi wa kumrudia.

Wawili wanataka uangalizi zaidi. Wa kwanza ni mwenye kisukari. Sukari ikipanda na kushuka, nguvu ya jicho nayo hubadilika, hata miwani iliyokuwa sahihi Jumatatu yaweza isifae wiki ya pili. Huyo na apimwe macho baada ya sukari kutulia. Wa pili ni mtoto, ambaye hajui kwamba wengine wanaona vizuri kuliko yeye. Akiivua miwani kila mara, au akitazama juu ya fremu, msimpige wala msimwite mkaidi, mrudisheni akapimwe.

Na ikiwa mtu ameona cheche za mwanga ghafla, au kama pazia limeshuka mbele ya jicho, au jicho linauma na kuwa jekundu huku likififia, asiende kwa fundi wa miwani kabisa. Huyo aende hospitali siku ile ile, Muhimbili au CCBRT au iliyo karibu naye, na miwani ingoje.