Mabadilishano ya video yasiwafunge midomo vijana wa Kitui na Makueni

MWALIMU mmoja wa Kiingereza anayefundisha karibu na Mwingi, Kaunti ya Kitui, ameniuliza swali ambalo nimeonelea nilijibu hapa ukumbini badala ya kumjibu kando. Shule yake imealikwa kushiriki mabadilishano ya video na shule moja ya ng'ambo. Wanafunzi wa umri wa miaka 14 hadi 17 watakuwa wakionana kwenye skrini mara moja kwa wiki, wafanye mazoezi ya Kiingereza na wajuane kitamaduni. Jambo lenyewe ni jema. Ila mkutano wa walimu umetoa sharti: mwanafunzi asitamke neno la Kikamba wala la Kiswahili mbele ya kamera, ati shule isije ikaaibika. Mwalimu anauliza kama sharti hili lina msingi wowote kitaaluma.

Jibu langu fupi ni kwamba halina. Jibu refu linahitaji tueleze kwanza mabadilishano haya ni nini, na kijana hujifunzaje lugha ndani yake.

Mabadilishano ya video ni mpango ambapo makundi mawili ya wanafunzi walio katika nchi mbalimbali huwasiliana kwa picha na sauti, chini ya uelekezi wa walimu wao, kwa muda uliopangwa na kwa kazi iliyopangwa. Hilo la kazi ni muhimu. Kijana wa Wote anayempigia binamu yake aliye Doha simu ya video anazungumza tu. Hakuna anachotakiwa kukikamilisha. Katika mabadilishano, pande mbili hupewa shughuli ya pamoja, kwa mfano kulinganisha jinsi maji yanavyopatikana katika vijiji vyao, kisha kila upande uwasilishe ulichojifunza kutoka kwa mwenzake. Mawasiliano yenyewe ni ya aina mbili: ya papo kwa papo, ambapo wote wako mbele ya skrini kwa wakati mmoja, na ya kurekodi, ambapo kundi moja hutuma video fupi na jingine hujibu baadaye.

Wazo hili si geni. Sisi tuliosoma miaka ya sabini tulikuwa na marafiki wa kalamu, na barua ilisafiri wiki kadhaa kabla jibu halijarudi. Nchini Ufaransa, mwalimu Célestin Freinet aliwahimiza watoto wa shule za vijijini waandikiane barua tangu miaka ya 1920. Mnamo 1988, Vita Baridi vikiwa bado havijaisha, shule za jimbo la New York na za Moscow ziliunganishwa kwa tarakilishi, na kutokana na mradi huo ukazaliwa mtandao wa iEARN, ambao leo una shule katika mataifa mengi. Tume ya Ulaya nayo ilianzisha eTwinning mwaka 2005.

Hapa kwetu, mfano unaojulikana zaidi ni wa kambi ya wakimbizi ya Kakuma, Turkana. Mwaka 2015 mwalimu Koen Timmers wa Ubelgiji alianza kuwafundisha vijana wa kambi hiyo kwa njia ya video, na walimu wa nchi nyingine wakajiunga naye. Huo ulikuwa msaada mkubwa mahali penye walimu wachache. Lakini tuelewane: kufundishwa kutoka mbali ni jambo moja, na kubadilishana ni jambo jingine. Katika kubadilishana, kila upande una cha kutoa na cha kupokea.

Sasa tuingie kwenye isimu. Kwa nini kijana azungumze na mwenzake wa ng'ambo ilhali anasikia Kiingereza darasani kila siku? Mtoto wa Kitui au Makueni hufundishwa kwa Kiingereza kuanzia gredi ya nne. Anakisoma, anakiandika, anafanyia mtihani. Tatizo ni kwamba mara nyingi anakisikia kuliko anavyokitumia. Mwaka 1985, Merrill Swain alieleza hali kama hiyo nchini Kanada. Aliwatazama watoto waliosomeshwa masomo mengi kwa Kifaransa kwa miaka. Walielewa vizuri walichokisikia, lakini kuzungumza na kuandika kwao kulibaki nyuma. Hoja yake ni kwamba kusikia peke yake hakutoshi. Mwanafunzi anapolazimika kutoa lugha kinywani mwake ndipo anapogundua pengo lililoko kati ya anachotaka kusema na anachoweza kusema.

Michael Long naye alisisitiza kile tunachoweza kukiita mazungumzo ya kuafikiana maana. Wacha nitoe mfano. Kijana wa Mbooni anamwambia mwenzake wa Ufaransa kwamba jana walikula muthokoi. Mfaransa hajaelewa, anauliza ni nini. Kijana wetu anaanza kueleza kwa Kiingereza: ni mahindi. "Mahindi kama bisi?" La, haya yametwangwa yakatoka maganda, kisha yakapikwa na maharagwe. Neno la Kiingereza la kukoboa halijui, kwa hiyo anazunguka: tunaondoa ngozi ya mahindi. Mfaransa anarudia kwa maneno yake ili ahakikishe amefahamu. Kijana anamsahihisha. Katika dakika mbili hizo, huyu mtoto ameuliza, amefafanua, amelinganisha, amesahihisha na amesahihishwa. Umilisi wa lugha hujengeka hapo, mahali ambapo maana imekwama na wawili wanasaidiana kuikwamua.

Ona kilichoyaanzisha mazungumzo hayo. Ni neno la Kikamba! Lau kijana angetii lile sharti la kutotamka neno la kwao, angesema tu kwamba walikula chakula, Mfaransa angeitikia, na somo lingeishia hapo. Neno la nyumbani halikizuii Kiingereza. Ndilo linalompa kijana sababu ya kukitafuta.

Nyuma ya lile sharti pia kuna dhana kwamba mtoto wa ng'ambo ndiye mwenye Kiingereza, wa kwetu ni mwombaji. Hii nayo haina mashiko. Mwanaisimu Braj Kachru, katika miaka ya themanini, aliwagawa watumiaji wa Kiingereza katika duara tatu. Duara la ndani ni nchi kama Uingereza na Marekani. Duara la nje ni nchi kama Kenya, India na Nigeria, ambako Kiingereza kilikuja na ukoloni na kikabaki kuwa lugha ya shule, mahakama na ofisi. Duara linalopanuka ni nchi kama Japani, Brazili na Ufaransa, ambako Kiingereza hufundishwa kama lugha ya kigeni. Kwa hivyo shule ya Makueni ikiunganishwa na ya Lyon au Osaka, huenda mtoto wa Makueni ndiye atakayekuwa mbele, kwa sababu yeye anasomea hesabu na sayansi kwa lugha hiyo.

Hata katika matamshi, lugha zetu zinamfaa. Chukua sauti inayoanza neno la Kiingereza "this". Wanaisimu huiita kikwamizo ghuna cha meno. Wafaransa, Wajerumani na Wajapani hupata shida nayo kwa sababu haimo katika lugha zao. Mkamba anayo tangu utotoni: ndiyo sauti iliyomo katika neno mũthenya, yaani mchana. Kiswahili kinampa sauti hiyo hiyo katika "dhahabu", na kinamwongezea ile isiyo ghuna katika "thelathini". Kwa upande mwingine, sauti /r/ na /h/ hazimo katika mfumo asilia wa Kikamba, na hapo kijana wetu ndiye anayehitaji mazoezi. Mwalimu anayejua isimu linganishi ya namna hii atawaambia wanafunzi wake waziwazi: hapa mtawasaidia wenzenu, pale watawasaidia nyinyi. Hakuna wa kumcheka mwingine.

Tuje kwenye utamaduni. Kitui ina historia ya aina hii ya mazungumzo kuliko wengi wanavyokumbuka. Mwaka 1849 Johann Ludwig Krapf, mmishonari Mjerumani aliyekuwa na makao Rabai karibu na Mombasa, alifika Kitui akawa mgeni wa Kivoi, mfanyabiashara mashuhuri wa misafara. Alielezwa habari za mlima mrefu wenye weupe kileleni, na tarehe 3 Desemba mwaka huo akauona kwa macho yake akiwa huko huko Ukambani. Jina aliloliandika ni lile alilolisikia kwa Wakamba, Kĩĩnyaa, na kutokana nalo tumepata Kenya. Wengi hulihusisha jina hilo na nyaa, yaani mbuni, kwa vile weusi wa mawe na weupe wa theluji hufanana na manyoya ya ndege huyo. Sasa niulize: kama Kivoi na watu wake wangeambiwa wasitamke neno la Kikamba mbele ya mgeni, leo nchi hii ingeitwaje?

Wataalamu wa mabadilishano wamelitambua jambo hili. Mwaka 1997, katika chuo cha MIT kule Marekani, ulianzishwa mradi wa Cultura, wa kuwaunganisha wanafunzi wa Marekani na wa Ufaransa. Kila upande ulipewa orodha ya maneno yanayolingana na kuambiwa uandike yale yanayoujia akilini, kila mmoja kwa lugha yake mwenyewe. Kisha majibu yaliwekwa sambamba, wakaanza kuulizana. Ilidhihirika kwamba neno moja katika kamusi linaweza kuwa mambo mawili katika maisha. Huko Ujerumani nako, Chuo Kikuu cha Bochum kiliendeleza utaratibu wa tandemu, ambao nguzo yake moja ni usawa: nusu ya muda kwa lugha yangu, nusu kwa lugha yako.

Hebu fikiria neno "maji" likiwekwa katika orodha kama hiyo. Mtoto wa Ulaya ataandika mfereji, kuogelea, mvua. Mtoto wa Mutomo au Kibwezi ataandika punda, mtungi, foleni, bwawa la mchanga. Mwenzake atataka kujua bwawa la mchanga ni nini, na hapo atapata somo la jiografia kutoka kwa mtaalamu: ukuta hujengwa kukatiza mto wa msimu, mchanga hujaa nyuma yake, na maji hujificha ndani ya mchanga huo ambako jua haliyafikii kwa urahisi, hata kiangazi watu wachimbe na kuteka. Kitui na Makueni zina mabwawa mengi ya aina hii. Kijana akiyaeleza, hasimulii umaskini, anasimulia ujuzi.

Najua msomaji atasema, "Profesa, hayo ni mazuri, lakini stima na mtandao je?" Ni kweli, zipo shule ambako mtandao hukatika kila mawingu yakitanda. Ndiyo maana napendekeza tuanze na video za kurekodi. Fanya hesabu: darasa la wanafunzi 50 likiwa na kipindi cha dakika 40 na skrini moja, kila mmoja atapata sekunde 48 za kuzungumza. Hayo si mazoezi. Ligawe katika makundi kumi ya watano watano, kila kundi lirekodi video ya dakika mbili kwa simu ya mwalimu, na mwalimu azitume jioni akipata mtandao. Kurekodi kuna faida nyingine: kijana mwenye haya hurudia mara tatu nne kabla ya kuridhika, na kila kurudia ni zoezi.

Saa nazo zinahitaji kuangaliwa. Ikiwa ni saa nane mchana Wote, Paris ni saa sita au saa saba mchana kulingana na majira, na wanafunzi wako shuleni. New York wakati huo ndio kwanza kunakucha, na Tokyo ni saa mbili usiku. Kwa mazungumzo ya papo kwa papo, Ulaya inatufaa zaidi.

Na usalama usisahaulike. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya taarifa za mtoto kutumiwa. Mzazi aelezwe kwa lugha anayoielewa video itaonwa na nani na itahifadhiwa wapi. Wanafunzi nao wasipeane nambari za simu wala maelezo ya nyumbani kwao.

Kwa mwalimu wangu wa Mwingi, basi, ushauri ni huu. Rudi mkutanoni na pendekezo badala ya malalamiko. Katika kila kikao cha dakika 40, dakika 30 ziwe za Kiingereza, na kumi zilizobaki vijana wako wawafundishe wenzao Kiswahili na maneno machache ya Kikamba. Wenzao nao wawafundishe lugha yao. Wanaotaja aibu wakumbushwe kwamba ibara ya saba ya Katiba ya 2010 inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi, na inaitaka serikali kukuza matumizi ya lugha za kiasili. Shule haiwezi kuaibika kwa kutumia kile ambacho Katiba inakilinda.

Sisi wa rika langu tulivishwa kibao shingoni kwa kosa la kuzungumza lugha ya mama uwanjani. Kiingereza tulikijua, ndiyo, ila wengi tulijifunza pia kunyamaza. Itakuwa hasara kubwa ikiwa kibao kile, kilichoanza kutoweka uwanjani, kitarudi kupitia kamera.