Majuma sita ya mama, na mpunga hauna subira

Msimu wa kupandikiza mpunga unapofika Mwea, mji wa Wang'uru huwa hauna mikono ya kutosha. Alfajiri wanawake huelekea majarubani, na kutwa nzima huinama ndani ya maji wakichomeka mche mmoja mmoja. Ni kazi inayomchosha hata msichana wa miaka 20. Sasa, mpenzi msomaji, mfikirie mama aliyejifungua majuma mawili tu yaliyopita.

Mwanamke aliyeajiriwa ofisini anayo sheria ya kumtetea. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 humpa likizo ya miezi mitatu kwa mshahara kamili, naye baba hupewa majuma mawili. Mama wa kibarua hulipwa siku aliyofanya kazi. Mwenye jaruba lake naye hana wa kumwomba likizo, kwani maji yakishafunguliwa mtaroni hayamngoji mtu. Bwawa la Thiba, lililozinduliwa mwaka 2022, lilijengwa ili mpunga uweze kupandwa mara mbili kwa mwaka. Ni neema kwa mfuko wa familia, lakini pia ni misimu miwili ya kuinama badala ya mmoja.

Shida yenyewe si ngeni. Katika kitabu kuhusu Mwea kilichochapishwa mwaka 1973, watafiti Jane Hanger na Jon Moris walieleza jinsi mke alivyotarajiwa kufanya kazi katika mpunga wa mumewe, na bado alime chakula cha nyumbani na kuhangaikia kuni. Fedha za mpunga zilimfikia mume kwanza.

Mwili wa mama, hata hivyo, una kalenda yake. Mara baada ya mtoto kuzaliwa, mfuko wa uzazi huwa na uzito wa karibu kilo moja. Huchukua kama majuma sita kunywea hadi chini ya gramu 100. Pale kondo la nyuma lilipobanduka hubaki kidonda, na kwa kuwa hakuna anayekiona, watu husema mama amepona punde tu anapoweza kutembea. Misuli ya nyonga iliyobeba mimba miezi tisa nayo bado ni legevu. Mtungi wa maji wa lita 20 ni kilo 20. Ukibebwa mapema mno unaweza kuchangia mkojo kuponyoka, au mfuko wa uzazi kushuka baadaye. Aliyejifungua kwa upasuaji hushauriwa asiinue kitu kizito kuliko mtoto wake katika majuma hayo sita.

Wazee wetu walilijua jambo hili bila mizani. Kwa Wakikuyu, mama alipikiwa njahi, uji na supu, na wanawake jirani wakaja na kuni na maji. Huko pwani hukaa arubaini, siku 40 za kuhudumiwa. Siku hizi tumebakiza njahi na kusahau kuni. Njahi ni chakula kizuri chenye protini na madini ya chuma, lakini maziwa huletwa hasa na mtoto kunyonya mara kwa mara. Na nguvu hurudi kwa sababu kuna mtu mwingine aliyekwenda mtoni. Mtu huyo anaweza kuwa baba. Haitaki elimu kubwa.

Mwea ina sababu nyingine ya kumzuia mama asiingie majini. Maji ya majaruba yanajulikana kwa kichocho cha matumbo, na mbu wa malaria huzaliana humo. Vyote viwili humaliza damu ya mtu ambaye tayari amepoteza nyingi. Basi ameze vidonge vya kuongeza damu alivyopewa kliniki, na alale ndani ya chandarua pamoja na mtoto. Mshono uoshwe kwa maji safi ya uvuguvugu na kukaushwa. Majani na majivu yasipakwe.

Kuna dalili zisizongoja asubuhi: damu inayolowesha sodo nzima kwa saa moja, homa, uchafu unaonuka, mguu mmoja kuvimba na kuuma, au kichwa kuuma sana na macho kuona kiwi. Hii ya mwisho yaweza kuwa kifafa cha mimba, ambacho humpata mama hata baada ya kujifungua. Itafutwe gari au bodaboda, afikishwe Kimbimbi au Kerugoya.

Machozi ya siku za kwanza ni ya kawaida. Yakipita majuma mawili, na mama akawa halali hata mtoto anapolala, au akasema ni heri asingekuwapo, huo ni ugonjwa unaotibika. Asiitwe mvivu, wala asiachwe peke yake.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2022, linataka mama aonwe siku ya pili au ya tatu, tena kati ya siku ya 7 na ya 14, na katika juma la sita. Ziara hii ya mwisho huangukia siku ya chanjo za mtoto, na hapo mama huweza kusahaulika: mtoto adungwe sindano, kijitabu kitiwe alama, safari ya nyumbani ianze. Mama, kabla hujainuka kwenye benchi, mwambie muuguzi akupime presha na damu, autazame mshono, na akueleze njia za kupanga uzazi zisizopunguza maziwa.